UZI WA MALALAMIKO: Watengeneza vepu, malizeni kwanza mlichokianza!

Fundi_Kijenge ameandika:

Wakuu wa Arusha na Moshi, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nimekereka.

Kila baada ya miezi michache linashuka boksi jipya la vepu, yaani sigara ya umeme, kutoka Shenzhen, China. Kioo cha rangi kimekuwa kikubwa zaidi, pembeni kuna taa za disko, toleo namba 3 limekuwa namba 4. Ukifungua ndani unakuta ugonjwa ule ule wa namba 3. Nyumba inavuja paa, mwenye nyumba anabadilisha rangi ya mlango!

Nianze na kuvuja. Kwenye podi nyingi (kale katangi ka juisi, yaani maji yanayogeuzwa mvuke), kinachozuia juisi isishuke ni oringi (pete za mpira) za koili (kidude cha pamba na waya kinachochemsha juisi), kizibo cha mpira pale pa kujazia, na pamba yenyewe ikiwa imelowa sawasawa. Oringi ikiwa nyembamba kuliko nafasi yake, juisi inajipenyeza taratibu hadi sakafu ya podi. Sasa chungulia hiyo sehemu podi inapokaa. Utaona pini mbili za umeme, na katikati yake katundu kadogo. Hako katundu ndiyo njia ya sensa ya hewa, ile inayotambua kwamba mtu anavuta. Yaani kuna mtu amekaa mezani akachora tangi la maji juu, kitu kisichotakiwa kulowa chini, kisha akatoboa tundu katikati yao. Sensa ikilowa inaganda, kifaa kinadhani kinavutwa, kinajiwasha chenyewe mfukoni. Vingi vinajikata baada ya sekunde 10 hivi, halafu vinaanza tena. Pamba inaungua, betri inachemka, na mwenye kifaa anaambiwa hajui kutumia.

Dawa yake inajulikana miaka mingi: sensa ihamie pembeni, iwe juu kidogo ya sakafu ya podi, na njia yake ya hewa iwe na kona ili matone yasifike. Au weka kitufe, sensa usiiweke kabisa. Si utafiti wa roketi huo.

Na sisi wa huku milima inatuongezea. Moshi iko kwenye mita 800 na kitu, Arusha mjini iko kama 1,400. Hewa iliyofungiwa ndani ya podi inatanuka kwa asilimia 7 au 8 kwa safari hiyo tu. Ukipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, mita kama 2,300, kutoka Moshi imetanuka karibu asilimia 20. Chukua podi ya mililita 2 iliyobaki nusu: ndani kuna mililita 1 ya hewa, inataka nafasi ya ziada kama mililita 0.2, na nafasi hiyo inaipata kwa kusukuma juisi nje kupitia koili. Hayo ni matone manne au zaidi, na yote yanaangukia kwenye katundu ka sensa. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari, jaza podi hadi juu hewa ibaki kidogo, au isafirishe mdomo ukiwa chini ili kinachotoka kupitia koili kiwe hewa badala ya juisi. Lakini kwa nini mnunuzi ndiye afanye hesabu hii, na aliyelipwa kuchora podi asiifanye?

La pili, chaji. Vifaa vingi vya bei ya kati vina tundu la Taipu-C, ila ukichomeka waya wenye Taipu-C pande zote mbili, kimya. Ukirudi kwenye waya wa zamani wenye kichwa kipana, kinachaji. Watu wanapeleka kwa fundi simu kubadilishiwa sistimu chaji na sistimu chaji ni nzima. Kinachokosekana ni rezista mbili za kiloomu 5.1, moja kwa kila mguu wa CC (ule unaoiambia chaja kwamba kuna kifaa), kwenda hasi. Chaja ya kisasa haitoi volti 5 mpaka izione hizo rezista. Kichwa kipana chenyewe kinatoa muda wote. Hata ile sistimu chaji ya bei rahisi ya miguu sita ina miguu ya CC, wameiacha inaning'inia hewani. Rezista mbili! Bei yake haifiki shilingi mia. Hela ya kioo cha rangi ilikuwepo.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: koili. Toleo jipya linakuja na koili yake. Kipenyo kimebadilika kidogo, au urefu, basi ya zamani haiingii. Baada ya hapo kiwanda kinaacha kutengeneza za zamani, na mzigo unaofika Kariakoo unakuwa wa mpya tu. Kariakoo wakikosa, Arusha tutapata wapi? Kifaa kizima, betri nzima, kinatupwa kwa sababu ya kidude cha pamba na waya. Wakati huo huo thredi za 510, zile za kufungia tangi kwenye mashine, upana milimita 7, hatua nusu milimita, zipo tangu vepu za mwanzo na mpaka leo tangi lolote la 510 linakaa kwenye mashine yoyote ya 510. Kwa hiyo wakitaka kukubaliana wanaweza.

Jibuni, ila anayekuja kutetea aje na vipimo.

Mangi_wa_Mbuyuni:

Mkuu Fundi, umesema kweli ila umewasahau wanunuzi. Mteja akiingia dukani haulizi oringi, anauliza "mpya imefika?" Ukimwonyesha ya mwaka jana iliyotulia, anaenda duka la pili. Kiwanda kinaliona hilo kwenye oda. Muuza duka naye kwenye koili anafunga mtaji: pakiti ya koili tano kwa kila kipimo cha omu, 0.4, 0.6, 0.8, 1.0, kwa kila familia ya vifaa. Familia zikifika sita, hapo duka limejaa pakiti na bado mteja anakosa ya kwake.

Chalii_wa_Njiro:

Natetea kidogo, na vipimo nimekuja navyo. Masoko makubwa ya hawa watu ni Ulaya na Marekani. Ulaya, chini ya Maelekezo ya Tumbaku ya 2014, kifaa kinatakiwa kitolewe taarifa miezi 6 kabla hakijaingia sokoni, na ukifanya badiliko kubwa unatoa taarifa upya. Ndiyo sheria hiyo hiyo iliyoweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi. Marekani ni kali zaidi: kifaa kilichobadilishwa baada ya tarehe 8 Agosti 2016 kinahesabiwa kipya, kinahitaji kibali kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo kiwanda kikisogeza sensa kwenye namba 3, kimejiletea makaratasi ya kifaa kipya bila kupata jina jipya la kutangaza. Wanaona bora waite namba 4.

Fundi_Kijenge:

@Chalii_wa_Njiro asante, hoja hiyo naipokea, na inanisaidia mimi. Kama sheria inakigandisha kifaa jinsi kilivyo siku ya kwanza, basi kasoro ya siku ya kwanza inakaa maisha yote ya kifaa. Si ndiyo sababu ya kukimaliza kabla hakijatoka? Na hiyo namba 4 waliyoandikia makaratasi upya, sensa mbona bado iko katikati?

@Mangi_wa_Mbuyuni mteja anauliza mpya kwa sababu ya zamani imemchosha. Kifaa kingekuwa hakivuji angeuliza koili tu, na wewe ungeuza koili kila wiki mbili.

Dada_Voltmita:

Jamani mmesahau baridi. Juisi ya 70/30, yaani gliserini asilimia 70, ni nzito tayari. Julai usiku Arusha joto likishuka karibu nyuzi 13 inakuwa kama asali. Koili ya 0.8 au 1.0 ina vitundu vidogo vya kuingizia juisi, imekusudiwa 50/50. Pamba hailowi upya kabla ya mvuto unaofuata, waya unapata moto kwenye pamba kavu, na ladha ya kuungua haitoki tena mpaka ubadilishe koili. Boksi limeandika "inafaa juisi zote". Uongo mtupu. Kuongeza kitundu kingine kwenye ganda la koili ni kazi ya mashine ile ile. Mpaka waongeze: koili mpya idondoshee matone matatu manne kwenye kila kitundu, jaza, subiri dakika 10, anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa kwenye koili, na kati ya mvuto na mvuto acha nusu dakika.

La pili, kwa wanaotumia mashine za betri ya kutoa: msiweke betri za tochi. Betri ya saizi ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh haipo duniani, halisi nyingi ziko kati ya 2,500 na 3,500. Koili ya omu 0.2 kwenye volti 4.2 inavuta ampea 21. Betri isiyojulikana ilikotoka usiipe kazi hiyo. Ganda la plastiki likichanika, hata padogo karibu na chanya, usiitumie mpaka uivalishe jipya.

Mangi_wa_Mbuyuni:

Dada umenifumbua kwenye baridi, Julai lawama zote huwa zinaenda kwa koili "feki". Sasa Fundi, tuache kulalamika: mwenye duka akiletewa sampuli, aipime vipi kabla ya kuagiza katoni?

Fundi_Kijenge:

Mangi, kazi ya usiku mmoja. Jaza podi nusu, si hadi juu, iweke kwenye kifaa, kilaze juu ya tishu mpaka asubuhi. Ukikuta doa, rudisha. Kama hakuna doa, toa podi, futa pini kwa pamba ya masikio, angalia kama pamba imetoka na unyevu. Kidogo ni mvuke ulioganda, kawaida. Ikitoka imelowa chapachapa, rudisha.

Chaji kwa waya wa Taipu-C pande mbili. Kisichochaji, rudisha.

Toa koili tano za pakiti moja uzipime kwa mita. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita zenyewe, soma, maana waya zake zina omu 0.2 au 0.3 za kwao. Hicho kiasi kitoe kwenye kila jibu. Koili za 0.8 zikicheza kati ya 0.75 na 0.85, sawa. Ukikuta moja 0.6 na nyingine 1.0 ndani ya pakiti moja, hicho kiwanda hakipimi, na wewe usiagize.

Mwisho muulize wakala kwa maandishi: koili hizi zinaingia kwenye toleo lipi la zamani? Akijibu "hakuna", jua na wewe mwakani utakuwa umekwama nazo.

Dada_Voltmita:

Marekebisho madogo: usitumie tishu nyeupe, juisi haina rangi, doa dogo halionekani. Tumia karatasi ya kaki, ile ya bahasha. Tone likigusa inakuwa nyeusi kama imepakwa mafuta, na haikauki haraka, asubuhi utaikuta.