Umepungua kilo 70, ngozi imebaki inaning'inia, bima inasema ni urembo: tupeane uzoefu

Dereva wa Ohio
Wakuu habari za jioni. Leo nimepokea barua ya bima, nimeisoma mara tatu nikiwa ndani ya lori. Machi 2022 nilikatwa tumbo la chakula likabaki jembamba kama ndizi. Nilikuwa kilo 168, sasa nina 96. Sukari imeshuka, presha imetulia, magoti hayalii tena. Tatizo ni ngozi. Imeshuka kutoka kitovuni mpaka inafunika sehemu za siri. Nikitaka kuvaa suruali naikunja kama shuka, kisha nafunga mkanda juu yake. Chini yake pana unyevu saa zote, na ukikaa kwenye usukani masaa kumi joto la Julai, mnaelewa wenyewe. Bima iliyolipia kunikata tumbo, tena bila maneno mengi, ndiyo hiyohiyo inasema kuondoa ngozi ni urembo. Urembo gani wa mtu mzima mwenye ndevu? Waliopitia, huku Marekani au kokote, mlifanyaje?

Kijiti Kikavu
Pole mkuu. Hizo nyama uzembe tu. Piga mazoezi ya tumbo na kukimbia, miezi mitatu zimekwisha.

Binti wa Makorora
Kijiti, wewe uliyezaliwa mwembamba nyamaza. Gunia la kilo mia ukimwaga mchele, gunia nalo linapungua? Nyuzi za ngozi zikishavutwa miaka kumi na tano hazirudi, hata ukimbie toka Tanga mpaka Muheza kila asubuhi. Mimi sikukatwa, nilipungua kwa kula vizuri tu, kilo 52, na leo nikimpungia mtu mkono nyama inaendelea kupunga baada ya mimi kuacha. Mikono niliulizia bima wakacheka. Dereva komaa na tumbo.

Kijiti Kikavu
Nilikuwa nashauri tu dada, hasira za nini.

Mama Alto
Naandika kwa sababu hiyo habari ya kukunja na kufunga mkanda imenigusa pabaya. Sijawahi kuisimulia hii nje ya nyumba yangu.

Nahudumia wazee, zamu ya usiku, Minnesota. Nilikuwa naweka taulo ndogo za jikoni chini ya tumbo, nabadilisha mbili kila zamu. Usiku mmoja namgeuza bibi wa miaka tisini kitandani, haoni vizuri, akaniuliza kwa upole kabisa: "Binti, una kidonda?" Alikuwa amesikia harufu. Mimi niliyekwenda kumsafisha yeye! Niliingia chooni nikalia mpaka kengele ya chumba cha pili ikaniita.

Daktari akasema tuiombe bima. Wakataka picha: mbele, ubavu wa kulia, wa kushoto, na moja umeinua ngozi vidonda vionekane. Nesi akajitolea kunipiga, nikaona aibu, nikasema nitajipiga mwenyewe. Jumamosi mchana nikajifungia chumbani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Naseti sekunde kumi, nakimbia, nasimama. Picha kumi na moja. Nilichosahau ni kwamba mwanangu alishaunganisha simu yangu na TV ya sebuleni, ili ikikaa bila kutumika ipitishe picha za familia.

Jioni kwaya ikaja kwangu kwa mazoezi ya Pasaka. Watu kumi na wanne, pilau liko jikoni. Tuko ubeti wa pili, nikasikia soprano wanakatika mmoja mmoja. Nikadhani mimi ndiye niliyetoka nje ya sauti. Kugeuka hivi, nipo ukutani, inchi 65, nimeinua tumbo kwa mikono miwili. Mwalimu wa kwaya akaruka mbele ya TV akatanua mikono kama golikipa anasubiri penalti. Picha ikabadilika, ikaja ya ubavu. Kuna mzee mmoja wa besi, yeye alifumba macho akaendelea kuimba peke yake mpaka ubeti ukaisha.

Picha hizohizo nikazituma bima. Wakakataa. Eti hakuna kumbukumbu kwamba nimetibiwa vipele kwa miezi mitatu. Na kweli, muda wote nilikuwa najipaka dawa ya dukani, hospitali sikutia mguu.

Chausiku Kigamboni
Golikipa anasubiri penalti!!! Mbavu sina. Pole sana mama, najua si la kucheka.

Shemeji Likoni
Huyo mzee wa besi apewe nishani. Sasa tuambie, kwaya waliendelea ama walienda zao?

Dereva wa Ohio
Mama Alto nimeegesha lori. Nimecheka, halafu roho ikanisuta. Hilo la miezi mitatu ndilo waliloniandikia na mimi.

Karani Mchovu
Naandaa madai ya hospitali hapa Houston, mwaka wa tisa huu. Dereva, tafuta namba ya upasuaji kwenye barua yako. 15830 ni kukata pazia la ngozi la chini ya tumbo, hiyo mlango wake upo. 15847 ni ile ya kukaza misuli na kuhamisha kitovu, hiyo karibu kila kampuni inaiita urembo. Daktari anayetaka utoke na tumbo la kijana anaziombea zote mbili pamoja, na mpitiaji wa bima akiiona ya pili anaitazama na ya kwanza kwa jicho baya. Mwambie aziombe mbalimbali, ya urembo ulipe mwenyewe ukiitaka.

Wanachokitafuta kwa kawaida: ngozi ifike kwenye mfupa wa kinena au ipite, na picha ionyeshe hivyo. Vipele, fangasi au vidonda vinavyorudi hata baada ya kutibiwa NA DAKTARI miezi mitatu, wengine wanataka sita. Uzito uwe umetulia miezi sita. Aliyekatwa tumbo, iwe imepita miezi 18. Kila kampuni ina masharti yake kwa maandishi, yaombe. Ukianza barua ya rufaa kwa kueleza aibu na ndoa umekwisha, anza na vidonda.

Rufaa ya ndani, yaani kwa bima wenyewe, kwa kawaida una siku 180 tangu upokee barua. Wakikataa tena, ndani ya miezi minne unaomba mhakiki wa nje asiye mtu wao, na akikupa haki wao hawana ujanja, wanalipa. Watu wengi wanakata tamaa kwenye barua ya kwanza. Naziona kila siku.

Mlalahoi wa Mbagala
Huku mtu anauza kiwanja asafishwe figo, nyie mnalilia ngozi. Si mlikula wenyewe?

Binti wa Makorora
Fungua uzi wa figo nije kukuchangia. Hapa tunaongelea vidonda.

Mlalahoi wa Mbagala
Kidonda tia chumvi.

Binti wa Makorora
Wasimamizi mmelala?

Anko Kariakoo
Mlalahoi ana hoja, ila kaisema kwa mdomo mchafu. Sisi huku hata hiyo barua ya kukataliwa ni anasa. Hospitali ya Mloganzila hapa Dar walipoanza kuweka puto tumboni kila mtu alishangilia, nikajua watu watapungua kweli, na ngozi je? Bima ya kazini kwetu nilipouliza, dada wa mapokezi akaniuliza kama nataka kugombea umiss. Nikachanga hela nikaenda Uturuki. Siku ya tano nipo kwenye ndege narudi, nasikia maji yanatiririka mguuni. Mshono umefunguka sentimita saba. Nilivyofika Dar bima ikagoma kulipia hata kufunga kidonda, kwa sababu upasuaji wenyewe ulikuwa wa urembo. Wiki saba nasafishwa kwa hela yangu. Msirukie bei rahisi.

Chausiku Kigamboni
Anko, na ulikuwa umeacha sigara?

Anko Kariakoo
Tusiende huko.

Nesi wa Leicester
Chausiku ameuliza swali la maana. Nikotini inabana mishipa ya damu, mshono haushikani. Kuhusu huku Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ina bodi za maeneo, na kila bodi ina masharti yake. Mara nyingi watataka uzito uwe umekaa miaka miwili bila kuyumba. Unaweza kuhama mtaa mmoja ukakuta sheria nyingine kabisa. Daktari wako wa kawaida ndiye anayekuanzishia hilo ombi, na asipoandika vizuri limekufa.

Mti Mkavu
Mafuta ya nazi na unga wa muhogo chini ya ngozi, asubuhi na jioni. Bibi yangu alitumia.

Nesi wa Leicester
Unga wa muhogo? Unaweza kuwa unailisha fangasi! Osha, kausha kwa kugusagusa usisugue, malizia na mashine ya kukaushia nywele kwa upepo wa baridi, weka kitambaa cha pamba. Ngozi ikiwa nyekundu au inauma, daktari.

Mti Mkavu
Bibi alifika miaka 94 lakini.

Kijiti Kikavu
Na mazoezi?

Binti wa Makorora
KIJITI.

Mama Alto
Nimerudi, nilikuwa zamu. Shemeji, kwaya hawakuondoka, pilau lilikuwa tayari. Wamama wawili walinifuata jikoni, mmoja akafunua blauzi akanionyesha lake. Hakusema neno.

Baada ya hapo nilienda kliniki kila mwezi, hata siku vipele vilipokuwa nafuu, ili viandikwe. Nikakata rufaa na karatasi za miezi mitano, na barua ya msimamizi wangu wa kazi kwamba nimekosa zamu kwa ajili ya vidonda. Wakakubali, tumbo peke yake. Waliondoa kilo nne na kitu. Nilitembea na mirija miwili ya kutoa maji pembeni kwa siku kumi na mbili, naificha chini ya dera. Kitovu changu kimekaa kama kimekonyeza, sijali. Wiki sita sikunyanyua hata ndoo. Mgonjwa wa kwanza niliyemgeuza niliporudi nilitaka kumuuliza kama anasikia harufu.

Shemeji Likoni
Na TV?

Mama Alto
Tuliiuza wiki ileile.

Dereva wa Ohio
Karani, Februari niliandikiwa krimu na kliniki moja ya njiani, Indiana. Hiyo inahesabiwa? Risiti ninayo, imefutika nusu.

Karani Mchovu
Risiti haitoshi. Wapigie, waombe maandishi ya daktari ya siku ile, yawe yametaja mahali kipele kilipokuwa. Ni haki yako kuyapata. Na wiki hii nenda tena ukaonwe, usingoje kitulie.

Dereva wa Ohio
Wiki hii nina mzigo wa Nebraska. Nitatafuta kliniki hukohuko.