Tupeane uzoefu: kutojua kusoma kunavyowaweka watu wetu pembeni

Wadau, Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Lakini kwenye vikao vya vikoba, hivi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, bado naona watu wanaoaga mapema karatasi za kusaini zikianza kuzunguka. Mwenye kisa cha nyumbani kwake akilete. Kejeli hatutaki.

Mmakonde Halisi: Mama analima korosho. Hesabu za kichwani humuwezi, ila stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika ni picha tu kwake. Msimu mmoja mdogo wangu akaisoma: kilo pungufu kuliko zilizopimwa mbele ya macho yake. Karani akamjibu, "Mama, dole gumba si lako hili?" Kesi ikaishia hapo.

Dada wa Mbagala: Baba mkwe akienda kutoa pesa humpa wakala simu, namba ya siri anaitaja kwa sauti. Foleni nzima inaijua 😅 Ukimshauri anasema wewe ndiye unayeitaka.

Bi Mdogo: Shangazi yangu kila uchaguzi wa kikundi anapendekezwa mwenyekiti, anakataa. Wenzake wanasema anaringa. Ukimpa karatasi amesahau miwani, na miwani hajawahi kuwa nayo. Mumewe mwenyewe alijua juzijuzi, na wana wajukuu. Barua ya kliniki anapeleka kwa jirani, basi ugonjwa wake mtaa unaujua kabla yake.

Kamanda: Tusiwadekeze. MUKEJA, mpango wa elimu ya watu wazima, ipo, waende darasani.

Bi Mdogo: Kaka Kamanda, alikwenda. Darasa la shule ya msingi, dawati la mtoto, saa ambayo watu wako shambani, na wanafunzi wanachungulia dirishani wakicheka. Ungerudi wewe?

Kamanda: Hapo umenipata, dada.

Katibu Kata: Kwetu kila karatasi inasomwa kwa sauti mbele ya wote, mwenye digrii na asiye nayo, ndipo kalamu na kidau cha wino vinatolewa. Vikao vimekuwa virefu, vijana wananung'unika, ila wanaoaga mapema wamepungua.

Mleta mada: Naichukua hii, Katibu. Na fomu za mikopo zenye kurasa kumi na maandishi ya sisimizi, nazo mnazisoma zote?