Nyumba ya milioni sita karibu na machimbo ya kinywe Ruangwa, ninunue au niendelee kupanga?

MamaWawili

Habari za saa hizi wadau, naombeni ushauri hasa nyie mnaoishi Ruangwa na Nachingwea. Mimi ni nesi, nimehamishiwa zahanati moja huku Ruangwa huu mwaka wa pili, mume wangu anaendesha tipa kwa mkandarasi wa kwenye machimbo ya kinywe (yale madini meusi kama ya ndani ya penseli, siku hizi yanatafutwa sana kwa ajili ya betri za magari ya umeme). Tumepanga vyumba viwili, tulianza na elfu 30 kwa chumba sasa hivi ni elfu 50 na mwenye nyumba kashasema mwezi wa saba anapandisha tena, maji nanunua ndoo.

Sasa kuna mzee anauza nyumba yake kijijini, vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati ni za zamani ila hazivuji, uani kuna mikorosho 14 inayozaa na mwembe mmoja mkubwa. Anataka milioni 6 na nusu, ila anasema nikimpa 6 taslimu kabla mwezi haujaisha anaachia. Kwenda barabara ya magari ya mgodini ni dakika kumi kwa mguu. Jamani nimeipenda, nilikaa kwenye baraza lake nikawaona wanangu wanacheza pale. Kinachonitia wasiwasi ni haraka aliyonayo, na mume wangu anasema tusubiri. Hela nimeichanga kwenye kikoba miaka mitatu, ikipotea sina nyingine.

Mwanaruangwa

Dada yangu usitoe hata mia kabla hujajua kama eneo hilo limeshafanyiwa uthamini. Nakwambia hivi kwa sababu yametukuta. Kampuni ikishapata leseni na ikataka eneo, wathamini wanakuja nyumba kwa nyumba, wanahesabu vyumba, choo, mikorosho mmoja mmoja, hadi makaburi, halafu mwenye mali anapigwa picha kashika kibao chenye namba yake. Kuanzia hapo jina lililoandikwa ndio linalolipwa. Ukija wewe na milioni 6 zako ukaongeza chumba, kile chumba hakimo, na fidia ikitoka itamtafuta mzee aliyeshika kibao.

Shangazi yangu alihesabiwa akaambiwa asipande mti wala asikarabati chochote, hela inakuja. Mvua za Machi zikamuangushia jiko akaogopa kulijenga, akawa anapika chini ya mwembe na mwavuli kauegemeza kwenye shina, mama wa miaka sitini na kitu. Misimu miwili ya korosho ikapita. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na ikipita miaka miwili uthamini unarudiwa, lakini kijijini nani anakusomea hiyo sheria? Watu wanachoka kusubiri, wanauza.

Nenda tena pale mchana, angalia miimo ya milango na mashina ya mikorosho kama kuna namba za rangi. Halafu Tume ya Madini wana ramani ya leseni kwenye mtandao, mtu anayejua kusoma ramani akutazamie. Kumbuka pia leseni ya utafiti na leseni ya kuchimba ni vitu viwili, karibu Ruangwa nzima imewahi kupitiwa na watafiti, hiyo peke yake isikutishe.

Kaka_wa_Mangamba

Mimi naongea kwa upande wa hela. 2012 nilikuwa Mtwara mjini wakati wa gesi, kila mtu alikuwa anatafuta kiwanja, wageni wanalipa kodi ya mwaka mzima bila kubishana. Nikakopa nikajenga vyumba sita pale Mangamba, chumba nilikuwa napangisha laki na nusu. Bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, mafundi wakafunga mizigo, nikabaki na vyumba vinne vitupu na marejesho ya benki kila mwezi, mwisho nilipangisha elfu 40 na nikashukuru. Kwenye ujenzi wa mradi ndio watu wanakuwa wengi, ukishaanza kufanya kazi unabaki na watu wachache.

Kwa hiyo shemeji, hiyo nyumba ipigie hesabu kama vile machimbo hayapo. Tipa likisimama kesho bado utataka kukaa pale? Mikorosho 14 ukiipulizia salfa kwa wakati unapata gunia moja hadi moja na nusu, siyo haba kwa familia, lakini dakika kumi na barabara ya matipa ni karibu, mwezi wa saba na wa nane korosho inatoa maua na ndio vumbi lenyewe linapopanda, nimeona maua yamegeuka rangi ya udongo yakadondoka.

Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi ofisi za kata muda mrefu, naongezea kidogo tu. Hiyo ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Karatasi yenye mhuri wa mtendaji peke yake haitoshi mwanangu, na kwa vile wewe siyo mkazi wa kijiji kile halmashauri ya kijiji lazima ikae, iridhie na muhtasari uandikwe. Uliza kama ana hati ya kimila, wengi hawana, basi majirani wa pande zote nne waje wasimame mpakani na wewe.

La pili mke wake. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenza kuridhia, na asiridhie kwa kuitikia kichwa, asaini. La tatu ndio watu wa kutoka nje hawalijui: sisi Wamwera na wenzetu Wamakonde ukoo unafuata kwa mama, shamba analolima mzee linaweza kuwa la wajomba zake, na akishakula hela wapwa wanakuja na kikao cha ukoo. Nimekaa kwenye mabaraza ya aina hiyo mengi sana, mnunuzi huwa analia.

Na kuna wanaodhani ukinunua ardhi yenye kinywe umenunua na kinywe. Hapana. Madini ni ya Jamhuri, wewe unachomiliki ni juu. Ila sheria ya madini ya 2010 inakulinda kidogo, mwenye leseni hachimbi ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya mwenyewe.

Binti_Nachi

Dada uliza na maji. Mvua zikiisha kisima cha pale kinatoa mpaka mwezi wa ngapi? Mie niliipenda nyumba kama wewe, Oktoba naamka saa kumi usiku kupanga foleni ya ndoo na mtoto mgongoni.

MamaWawili

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nilirudi juzi saa nane mchana mzee hayupo. Mwimo wa mlango wa uani umepakwa chokaa mpya, mlango huo tu, nyumba nyingine yote haijapakwa. Nikakwangua kwa ukucha ikatokea rangi nyekundu, herufi mbili na namba. Bibi mwenye nyumba akatoka akanitandikia mkeka, nikamuuliza taratibu, akasema ndiyo walipigwa picha na kibao, korosho ya mwaka juzi ilikuwa bado haijaanza kuokotwa. Kuuza alikuwa hajui. Aliposikia akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama mzee ameshachukua hela.

Sijamchukia yule mzee, anaumwa mguu na nimeona dawa anazohitaji, miaka miwili bila kupanda wala kujenga siyo mchezo. Nimemwambia bibi amlete zahanati Jumatatu nitamsafisha kidonda mwenyewe.

Hela bado ipo kwenye kikoba. Kama kuna anayejua kiwanja upande wa Nachingwea au kwenye lami ya Nanganga, hata kama hakina nyumba, aniandikie, na aniambie mapema jina la mama mwenye nyumba ili nianze kuongea na yeye.