TSH iko juu, T4 iko sawa. Nianze dawa?

MamaPendo_Naka (Nakuru)
Habari zenu wapendwa. Nachoka ovyo siku hizi, nywele zinabaki kwenye kichana, miguu baridi hata jua la saa saba. Afisa wa kliniki akaandika nipimwe thairoidi, ile tezi ya shingoni. TSH ni 7.2, na pembeni wameandika kawaida ni 0.4 hadi 4.0. T4 huru ni 14, hiyo haina alama. Kama tezi imelegea, mbona namba imepanda? Pale duka la dawa wako tayari kuniuzia vidonge leo leo, na kliniki ni wiki ijayo. Nina miaka 41.

FundiWaDarubini (Kisumu)
Pole mama. TSH haitoki kwenye tezi ya shingoni, inatoka kwenye pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi. Tezi ikizembea, pituitari inazidi kupiga kelele kama makanga wa Kondele gari likikataa kujaa. T4 ndiyo homoni inayotoka kwenye tezi yenyewe, na yako iko ndani ya kiwango, maana yake tezi inajikokota lakini inafika. Wengi wa hivyo hawaanzishiwi dawa papo hapo. Hurudia kipimo baada ya miezi miwili mitatu, pamoja na kingamwili za TPO (zinaonyesha kama mwili unaishambulia tezi yake wenyewe), kwa sababu hata ukitoka kuugua TSH inaweza kupanda kwa muda. Ikipita 10, madaktari wengi huandika dawa. Kama una mimba au unaitafuta, usingoje wiki ijayo.
Halafu, unameza vidonge vya nywele, vile vya biotini?

MamaPendo_Naka
Mimba hapana, nilishafunga duka 😂 Vya nywele ndio, kila asubuhi. Ndivyo vimeipandisha?

FundiWaDarubini
Kinyume chake. Kwa baadhi ya mashine biotini hushusha TSH kwa uongo na kupandisha T4, kwa hivyo huenda hali halisi ni mbaya kidogo kuliko karatasi. Viache angalau siku mbili kabla ya kurudia, na urudi maabara ile ile.

Mwana_wa_Mumias
Waambie wapime na damu pia. Dalili zizo hizo kwangu zilikuwa upungufu wa damu, tezi haikuwa na neno. Na ukija kuandikiwa dawa, meza na maji matupu, chai ingoje nusu saa au zaidi. Mama yangu alikuwa anameza na chai ya maziwa. Dozi inaongezwa, TSH inakataa kushuka. Vidonge vya kuongeza damu navyo viachane na hiyo dawa kwa masaa manne.

MamaPendo_Naka
Chai ingoje? Hapo ndipo kazi iko. Asanteni, wa duka la dawa atanisamehe.