Mliowahi kutembea safari ndefu ya miguu na mwenzako, tupeane uzoefu

Mleta mada (Nakuru)

Wadau hamjambo. Januari iliyopita mimi na mume wangu tulipanda Mlima Elgon kwa miguu, siku nne. Tuliingilia lango la Chorlim, tukapewa askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na ndovu.

Siku ya kwanza ilikuwa mapenzi matupu. Tuliingia pango la Kitum, tukaonyeshwa kuta ambazo ndovu huzikwangua kwa pembe usiku wakitafuta chumvi. Picha kibao, tumeshikana mikono.

Siku ya tatu, tukikikwea kilele cha Koitoboss, ndipo nilipomjua niliyeolewa naye. Bwana ana miguu mirefu. Anatangulia, anakaa juu ya jiwe kunisubiri. Nikifika nikihema, anainuka: "Haya, twende." Yaani yeye kila mara ameshapumzika, mimi sijapumzika hata kidogo! Ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikanyamaza. Ya nne nikaketi chini, nikamwambia aendelee na huyo askari wake, watanikuta hapo wakirudi. Tulikuwa tumepita mita 4,000, pumzi haitoshi hata ya kugombana.

Askari alitutazama, akasema polepole: "Mama ashike mbele. Sisi tutafuata." Basi. Tulienda mwendo wangu wa kinyonga na tukafika juu. Tangu siku hiyo hata sokoni mzee wangu hutembea nyuma, ingawa nashuku ni kwa sababu ya kukwepa kulipa.

Nyinyi je?

Mtembezi wa Ziwani

Sisi hatukuona mlima wowote. Tulitoka Kisumu mjini alfajiri kwenda kwenye jiwe la Kit Mikayi kwa miguu, karibu kilomita 30 kwa barabara ya Bondo. Wazo lilikuwa la mke wangu. Nilikubali nikijua atachoka tukifika Kisian, tupande matatu.

Kisian tukapita. Holo tukapita. Aliyechoka ni mimi, maana nilikuwa nimevaa raba mpya kabisa, nazo zikanitoa malengelenge visigino vyote viwili. Ndugu zangu, viatu vipya msithubutu. Alinikalisha kando ya barabara, akanivua soksi, akachana leso yake akanifunga, watu wa bodaboda wakipita wanapiga honi na kucheka.

Tulipofika, mwelekezi akatupa kisa cha lile jiwe. Palikuwa na mzee aliyeshinda pale kila siku. Watu wakimuulizia, mkewe anajibu ameenda kwa mikayi wake, yaani mke wake wa kwanza. Mke wangu akanigeukia: "Wako ni simu."

Kurudi tulipanda matatu, na nauli nililipa bila kuulizwa.

Shinyalu Damu

Msitu wa Kakamega, kilima cha Lirhanda. Juu tulifungua begi tule. Begi lilikuwa na makoti ya mvua mawili na kitabu. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyetia chapati. Halafu mvua ya saa nane ikaja, na ya huku haikosi miadi. Hatukusemezana mpaka Khayega.

Baridi Kali

Mleta mada, kule Elgon mlilala wapi?

Mleta mada (Nakuru)

Kwenye hema. Kila mtu aende na mfuko wake wa kulalia. Sisi tulibeba blanketi moja kubwa "la kimahaba". Saa tisa usiku lote lilikuwa upande wake.

Bado Kapera

Mimi ni wa hapo hapo Nakuru. Tuliteremka ndani ya shimo la volkeno la Menengai na mchumba wangu. Kushuka ni rahisi, msidanganyike. Kazi ni kupanda ule ukingo jua la saa saba likiwa utosini, na yale mawe meusi ya volkeno yanatoa joto kama jiko. Tulikuwa na lita moja ya maji, watu wawili. Ujinga wetu, nakubali. Nilisimama kufunga kamba za kiatu, kuinua kichwa chupa ni tupu. Akaniambia, "Nilidhani umeshakunywa."

Hatukuoana. Sisemi ni kwa sababu ya maji.

Mleta mada (Nakuru)

Pole sana ndugu yangu. Lakini ni maji.