Nikon D7200 inakwama katikati ya mfululizo: nipunguze kasi ama ninunue kadi?

Shabiki_wa_Raga
Wadau, hamjambo. Kamera ni Nikon D7200, lenzi ya 70-300, mechi za raga pale uwanja wa RFUEA, Ngong Road, Nairobi. Naweka CH (mfululizo wa kasi ya juu), RAW (faili ghafi) ya biti 14, kadi mbili ndani, ya pili ikihifadhi nakala. Nikikaza kidole inapiga vizuri kama sekunde tatu na nusu, kisha inaanza kukohoa: picha moja, kimya, picha moja. Mchezaji anafunga trai kamera ikiwa bado inaandika. Nimeshauriwa ninunue kadi ya UHS-II, ile aina yenye kasi zaidi ya UHS-I. Itasaidia? Ama kasi yenyewe inaweza kupunguzwa?

Fundi_Shata
Weka pesa mfukoni. Nafasi za kadi za D7200 ni UHS-I, kwa hivyo UHS-II itaingia na kufanya kazi kama UHS-I tu.

Bafa, yaani kumbukumbu ya muda ndani ya kamera, ni tangi; kadi ni mfereji. RAW ya biti 14 iliyobanwa bila hasara ina karibu MB 28, na kwa biti 14 kamera hii hupiga fremu 5 kwa sekunde, si 6. Hiyo ni MB 140 kila sekunde. UHS-I yenyewe haipitishi zaidi ya MB 104 hata kwenye karatasi, na kadi nzuri ikiandika 70 ushukuru. Tangi lina nafasi ya fremu 18. Gawanya 18 kwa 5 upate sekunde zako tatu na nusu. Kamera ni nzima, hesabu tu ndiyo imekataa.

Anza na haya:

Shuka hadi biti 12. Faili inakuwa karibu MB 22, bafa inapanda hadi fremu 27, na kasi inarudi 6. Kwa mechi ya mchana hutaona tofauti ya rangi. Anayesema anaiona mwombe akuonyeshe.

Kadi ya pili isiwe ya nakala. Kila picha inaandikwa mara mbili, na kadi iliyo pole ndiyo inayoamua mwendo. Iache ipokee zamu kadi ya kwanza ikijaa.

Zima marekebisho ya lenzi ya kiotomatiki, na upunguzaji wa chembechembe za ISO (usikivu wa mwanga) ya juu. Yote mawili hula bafa.

Ukibonyeza kitufe cha shata nusu utaona kwenye kitafutio (tundu la kuchungulia) herufi r na nambari, mfano r18. Hizo ndizo fremu zilizobaki kwenye bafa. Badilisha kitu kimoja, tazama r, kisha badilisha kingine.

LenziNdefu
Fundi amesema kweli ila hajajibu swali la kasi. Shikilia kile kitufe cha kufuli kwenye gurudumu la kushoto juu, zungusha hadi CL (mfululizo wa kasi ya chini). Kasi ya CL unaichagua mwenyewe kwenye mipangilio maalum, kundi d: fremu 1 hadi 6 kwa sekunde. Ikitoka kiwandani huwa 3.

Fremu 3 kwa MB 22 ni MB 66 kwa sekunde. Kadi ikiandika 70 kweli, tangi halijai. CL na CH zimekaa jirani kwenye gurudumu, kwa hivyo CL iwe ya lainiauti, skramu na mikwaju, halafu mbonyo mmoja wa kufuli na uko CH mtu akikaribia mstari.

Mama_Pikseli
Fremu 3 kwa raga ni chache, jamani. Kati ya fremu moja na nyingine mpira umeshatoka mkononi. Mimi ningebaki CH na kufunga idadi. Kwenye kundi hilohilo la d kuna kikomo cha picha za mfululizo, 1 hadi 100. Weka 8. Kamera itasimama yenyewe baada ya fremu 8 hadi uinue kidole, na ukiinua, kadi inapata nafasi ya kupumua.

Kama picha ni za kupandisha mtandaoni jioni hiyohiyo, tumia JPEG Fine kubwa (faili iliyobanwa, nyepesi kuliko RAW): bafa inafika 100 na mjadala wote huu unaisha.

Kasi ikishuka bila bafa kujaa, sababu ni nyingine: kasi ya shata iko chini ya sekunde 1/250, betri imechoka, au ISO ya kiotomatiki imewashwa. Na kimweko (flashi) cha kamera kikiwa kimeinuliwa, itapiga picha moja tu hata ukiwa CH.

Fundi_Shata
Kikomo cha 8 nakubali. Kuhusu kadi: ile nambari kubwa iliyoandikwa mbele yake kwa kawaida ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Tafuta alama ya V30, yaani isishuke chini ya MB 30 za kuandika kwa sekunde, ingawa hicho ni kiwango cha chini. Tunataka zaidi ya maradufu. Ukinunua mjini, ijaribu kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla risiti haijapotea. Kadi bandia huonekana hapohapo.

Shabiki_wa_Raga
Asanteni. Nimeweka biti 12, nakala nimezima, r inasoma 27. Swali la mwisho: mechi ikiingia giza, taa zikiwashwa, fremu za mfululizo mmoja zinatofautiana mwangaza, moja nyeupe moja ya njano.

LenziNdefu
Hiyo ni umeme. Wetu ni wa hezi 50, na taa za uwanja, zile za umeme zenye gesi ndani, hupwesa mara 100 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 kila fremu inadaka sehemu yake ya mpweso. Nikon D7500 na D500 zina kinga ya hilo. D7200 inayo kwa video na skrini tu, si kwa picha za kitafutio. Shata ya 1/100 huituliza, lakini mkimbiaji atakuwa ukungu. Hapo ndipo CH inalipa: piga fremu 8, chagua 2 zenye rangi nzuri, na RAW ikusaidie kusawazisha nyeupe. CL ya 3 itakuachia chache mno za kuchagua.