Mjadala: Hofu ya Mungu anadaiwa nani, muumini au mchungaji?

Wakuu heshima kwenu. Naomba tujadili hili kwa maandiko, matusi tuweke pembeni.

Kuna kanisa moja, mama wa watu kasimama baada ya ibada akauliza hela ya mabati imeishia wapi, maana walichangishwa kabla ya masika na mpaka leo wanasali chini ya maturubai. Hakuonyeshwa risiti wala nini. Kaambiwa "mama mche Mungu, imeandikwa msiwaguse masihi wangu", akakaa kimya, na Jumapili iliyofuata akaitwa mbele aombe msamaha!

Sasa hiyo ni Zaburi 105:15, fungueni msome kuanzia mstari wa 9. Inawaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wanatangatanga taifa hadi taifa, Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Yani andiko lililomlinda mgeni asiye na mtetezi ndo leo mwenye maiki anamnyamazishia yule mama.

Msinielewe vibaya, mimi naamini kabisa kumcha Mungu, Mithali 9:10 iko wazi. Ila angalieni Biblia inamdai nani hiyo hofu. Walawi 19:14, usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo, umche Mungu wako. Walawi 25:43, usimtawale mtumishi kwa ukali, umche Mungu wako. Wakunga wa Kutoka 1 walimcha Mungu ndo maana wakakataa amri ya Farao ya kuua watoto. Halafu Nehemia 5, hii naipenda sana, wananchi wameweka rehani mashamba mpaka watoto wao, Nehemia akawageukia matajiri na wakubwa akawauliza kwani haiwapasi kwenda katika kicho cha Mungu? Na yeye mwenyewe miaka 12 ya uliwali hakula posho ya liwali, wakati waliomtangulia walikuwa wanawatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha, anasema sikufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu. Mwenye cheo ndo anayeogopa hapo. Kwetu imekuwaje mwenye cheo ndo anaogopwa?

Karibuni.

---

Mkuu unapotosha. Anania na Safira walikufa pale pale kwa mambo ya sadaka, Matendo 5, na hofu nyingi ikalipata kanisa lote. Yesu mwenyewe kasema mwogopeni awezaye kuangamiza mwili na roho jehanamu. Ukiondoa hofu kanisani kila mtu atafanya lake.

---

Mimi niko Kenya. Baada ya Shakahola 2023, ambako waumini wa kanisa moja walidaiwa kuambiwa wafunge mpaka kufa, miili zaidi ya 400 imefukuliwa pale msituni Kilifi, na kuna waliookolewa wakiwa hai wakakataa hata chakula. Nani ana hatia mahakama ndiyo itasema, lakini mimi sitaki tena kusikia mtu akiambiwa asiulize maswali kanisani.

---

Pole sana ndugu yangu wa Kenya.

Mkuu wa Anania, sijasema tuiondoe hofu, nauliza inamhusu nani kwanza. Mathayo 10:28 wanaambiwa wanafunzi wanaokwenda kuchapwa kwenye masinagogi na kupelekwa mbele ya maliwali, wanaambiwa wasiwaogope hao wanaoua mwili, na mstari wa 31 anamalizia msiogope basi, bora ninyi kuliko mashomoro wengi. Na Anania, soma mstari wa 4, Petro anamwambia kiwanja kilikuwa chako, na hata ulipokiuza hela ilikuwa mikononi mwako. Hakufa kwa kutotoa, alikufa kwa kudanganya kuhusu hela akiwa mbele ya mitume. Sasa kati ya yule mama na walioshika hela ya mabati, hiyo stori inamtisha nani?

Tena geuza ukurasa, Matendo 6. Hofu ya sura ya 5 haijapoa, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia mnagusa masihi wa Bwana, waliita mkutano wa wanafunzi wote wakawaambia wachague wenyewe watu 7 wenye sifa njema wasimamie. Na hao ni mitume waliokuwa wanaponya wagonjwa. Anayeona yule mama alistahili kuitwa mbele aombe msamaha aniwekee hapa andiko moja tu ambapo aliyeuliza hela ya kanisa imeenda wapi alifanywa hivyo, tulisome wote kuanzia juu.